Mzee wa jamii ya wachache akalelewe wapi? Nyumba ya jamii yake, bawa, makao ya wote au kituo cha mchana

Saa tisa usiku mzee anaamka, kibofu kimejaa, anaita. Anaita kwa lugha ya utotoni, maana ile ya pili aliyofanyia kazi miaka arobaini imeanza kumponyoka. Anayefika mlangoni ni mhudumu wa zamu ya usiku. Akimwelewa, mzee atashikwa mkono hadi msalani na kurudishwa kulala. Asipomwelewa, atamtuliza kwa ishara, atamfunika shuka vizuri na kuondoka, na kabla hakujapambazuka kitanda kitakuwa kimelowa. Kwenye daftari la zamu itaandikwa kwamba mzee alikuwa na fujo.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Familia za jamii za wachache zinapomtafutia mzee makao, huangalia jina lililoandikwa getini, picha za sikukuu ukutani na kinachopikwa jikoni. Hayo yana uzito wake. Ila ulinganisho huu wote nimeupima kwa swali moja: saa tisa usiku, nani anaingia chumbani, na anasema lugha gani?

Njia nne

Ya kwanza ni nyumba ya jamii yenyewe. Imeanzishwa na watu wa lugha au dini moja, wanaiendesha wao, na wakazi wengi ni wao. Ya pili ni bawa: ndani ya makao makubwa hutengwa ghorofa, upande au nyumba ndogo kwa wazee wa jamii fulani, na wahudumu wanaoijua lugha yao hupangwa hapo. Ya tatu ni makao ya wote, ambamo mzee wako anaweza kuwa peke yake wa asili yake, na wenye makao wanaahidi kumhudumia kulingana na mahitaji yake binafsi.

Ya nne si makao kamili. Mzee anabaki kwake, asubuhi gari linampitia kumpeleka kituo cha jamii yake, jioni anarudi, na wauguzi wanamfuata nyumbani. Nimeiweka hapa kwa sababu kwa baadhi ya familia ndiyo jibu lenyewe, na wengi huikosa kwa kutoambiwa tu kwamba ipo.

Lugha, ambayo ndiyo kiini cha yote

Mtu wa lugha mbili anapopata dimensia (maradhi ya uzeeni yanayofifisha kumbukumbu na fikra), mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani hutangulia kudhoofika, na ile ya utotoni hudumu zaidi. Si kwa kila mtu, wala si kwa siku moja. Kuna siku mzee atachanganya lugha zote mbili ndani ya sentensi moja, na kuna siku atajibu kwa lugha ambayo muulizaji hakuitumia. Kwa hiyo ukisikia mwenzako anasema, "Mama hana shida, lugha ya hapa anaiongea vizuri tu," mwambie afikirie mama wa miaka mitatu ijayo. Makao hayachaguliwi kwa mzee wa leo peke yake.

Hapa nyumba ya jamii yenyewe inashinda bila ubishi, na sababu kubwa si wahudumu. Ni wakazi wenzake. Mhudumu mzuri atakaa na mzee dakika kumi, kisha kazi nyingine zinamwita. Jirani wa mezani yuko naye siku nzima. Mzee aliyezungukwa na watu wanaocheka kwa mambo asiyoyaelewa huacha kujaribu kuongea, kisha huacha kutoka chumbani, na ukimya wake unaweza kudhaniwa ni ugonjwa unaozidi.

Bawa, mchana, linakaribia kuwa sawa na nyumba ya jamii. Usiku ndipo linapopwaya. Bawa la wazee wanane au kumi na wawili ni dogo mno kuwa na mtu wake wa usiku, hivyo mhudumu mmoja hupewa na upande wa jirani, na huyo hakuajiriwa kwa ajili ya lugha. Mwenye makao asipoulizwa hatalisema hilo. Si kwamba anaficha. Kwake yeye bawa ni ratiba ya mchana.

Makao ya wote hutegemea vitu vitatu: kadi za picha, mkalimani wa simu, na familia. Kadi za picha zinafaa kwa maji, maumivu, choo, baridi. Hazifai kwa hofu. Mkalimani wa simu ni wa lazima pale daktari anapoeleza ugonjwa au anapoomba ridhaa ya matibabu, lakini hakuna anayempigia mkalimani ili kumuuliza mzee kama mto umekaa vizuri.

Familia kuwa mkalimani ni jambo ninalolipinga waziwazi, ingawa najua linavyofanyika kwa mapenzi. Binti anayetafsiri habari za kibofu cha baba yake atazipunguza, na baba naye hatazisema zote mbele ya binti. Habari mbaya kutoka kwa daktari hulainishwa njiani hadi zinapoteza maana. Kisha ikaja 2020. Makao ya wazee katika nchi nyingi yalifunga milango kwa wageni kwa sababu ya korona, na wazee ambao lugha yao yote iliingia na kutoka na wanafamilia walibaki wiki nyingi bila mtu wa kusema naye. Makao yakikuambia, "Lugha si tatizo, kwa kuwa ninyi mnakuja kila siku," ujue tatizo limehamishiwa kwako.

Kuna jambo moja la lugha linalotangulia hata uchaguzi wa makao, nalo ni kipimo cha kumbukumbu. Kiwango cha huduma atakachopewa mzee hutegemea matokeo yake. Vipimo vya kawaida humtaka mtu aandike sentensi, au ataje herufi za neno kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ambaye hakusoma shule, au anayepimwa kwa lugha yake ya pili, hupata alama za chini hata kama akili yake iko sawa. Kipo kipimo kiitwacho RUDAS, kilichotengenezwa Sydney na kuchapishwa 2004, ambacho kina vipengele sita, jumla ya alama 30, na kilibuniwa ili lugha na elimu zisiyumbishe matokeo. Kwa Waaborijino (wenyeji wa asili wa Australia) wa Kimberley, kaskazini ya Australia Magharibi, kilitengenezwa kingine, KICA. Omba kipimo cha namna hiyo, pamoja na mkalimani asiye ndugu. Mzee aliyepimwa vibaya anaweza kupelekwa kwenye bawa la kufungiwa mlango wakati alihitaji msaada wa kuoga tu.

Mwili

Kuoga ndiko kunakoonyesha heshima ilipo. Swali la nani amvue mzee nguo, mwanamke au mwanamume, halina nafasi ya "tutajitahidi". Nyumba ya jamii kwa kawaida imelijua kabla hujauliza. Makao ya wote yanaweza kulitimiza vizuri kabisa endapo limeandikwa kwenye mpango wa huduma na ratiba ina watu wa jinsia zote katika kila zamu. Hapo tena, uliza usiku na Jumapili.

Watu wengi husahau kwamba huduma inayofuata utamaduni ni suala la kitabibu pia. Kwenye ngozi nyeupe, dalili ya mwanzo ya kidonda cha kulalia ni wekundu usiotoweka ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Muuguzi anatakiwa apapase, asikie kama pana joto au baridi kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au laini isivyo kawaida, na amuulize mzee kama panauma. Aliyefundishwa kutafuta wekundu tu atagundua kidonda kikiwa kimeshafunguka. Vivyo hivyo kipima oksijeni cha kidoleni: kwa mtu mweusi kinaweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko hali halisi ilivyo, na mzee anayepungukiwa hewa akaonekana mzima. Hapa nyumba ya jamii haishindi moja kwa moja. Makao makubwa yenye wauguzi waliosomea jambo hili yanaweza kuwa salama kuliko nyumba ndogo ya upendo yenye muuguzi mmoja kwa wiki.

Maumivu ni hivyo hivyo. Mzee asiyeweza tena kusema panapouma hupimwa kwa kuangaliwa. Kipimo kinachojulikana kwa jina la PAINAD kinatazama mambo matano: pumzi, sauti, uso, mwili ulivyokaa, na kama anatulizika. Kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, jumla 10. Uliza kama kinatumika, au kingine cha namna hiyo. Mzee aliyelelewa kwamba kulia kwa maumivu ni aibu atasema "niko sawa" kwa lugha yoyote utakayomuulizia, na hapo uso wake ndio wa kusomwa.

Nyumba ya jamii: ubora wake na hatari zake

Toronto kuna Yee Hong, iliyoasisiwa na daktari Joseph Wong kwa ajili ya wazee wa Kichina, na kituo chake cha kwanza kilifunguliwa 1994. Alikuwa ameona jinsi wazee wa jamii hiyo walivyonyong'onyea katika makao ambayo hawakuelewa lugha yake wala hawakuwezana na chakula chake. Leo ni miongoni mwa mifano inayotajwa zaidi duniani, na udhaifu wake mkubwa unatokana na ubora huo: foleni ya kusubiri ni ya miaka. Nyumba bora isiyo na nafasi haimsaidii mzee aliyevunjika nyonga juzi. Kama jamii yenu ina nyumba ya aina hii, jina liandikishwe mzee akiwa bado anatembea mwenyewe. Ni vigumu kulizungumza mapema, najua. Kulizungumza kwenye korido ya hospitali ni vigumu zaidi.

Hatari ya pili ni kuuzwa. Keiro ya Los Angeles ilijengwa na Wamarekani wenye asili ya Japani kwa michango yao, kuanzia miaka ya 1960, kwa ajili ya kizazi kilichopitia kambi za kuzuiliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 2016 vituo vyake viliuzwa kwa kampuni binafsi, licha ya maandamano ya jamii yenyewe. Mamlaka ya jimbo iliweka masharti ya kulinda huduma za Kijapani, lakini kwa miaka michache tu. Hiyo ndiyo sababu nasema jina la getini halitoshi. Uliza mmiliki ni nani: chama cha jamii, taasisi ya dini, au kampuni iliyonunua jina. Uliza pia nini kinamlinda mkazi nyumba ikibadili mikono.

Berlin inatufundisha jambo tofauti. Ujerumani iliingia mkataba wa wafanyakazi na Uturuki 1961, na wale vijana wa viwandani wakazeekea hukohuko. Mwaka 2006 makao ya wazee wa Kituruki yalifunguliwa katika mtaa wa Kreuzberg, yakiwa na wahudumu wanaozungumza Kituruki. Mwanzoni vitanda vingi vilibaki vitupu. Huduma ilikuwepo, lugha ilikuwepo, ila familia nyingi ziliona kumpeleka mzazi kwenye makao ni kumtupa, hata kama makao yenyewe ni ya kwao. Wenye jamii wanaofikiria kujenga wanapaswa kuanza na mazungumzo hayo kabla ya msingi. Nanyi mnaochagua, mjiulize kwa ukweli: mnakataa makao kwa sababu hayamfai mzee, au kwa sababu ya maneno ya watu? Mtoto mmoja, mara nyingi wa kike, ndiye hubeba gharama ya maneno hayo kwa mgongo wake na kwa usiku wake.

Tena "jamii moja" ni neno la watu wa nje. Ndani yake kuna lahaja, madhehebu, matabaka, na watu waliokuwa pande mbili za vita moja. Mzee aliyekimbia nchi kwa sababu za kisiasa anaweza kuogopa kulala jirani na mtu wa upande ule mwingine. Mwingine ana siri ya ndoa, ya mapenzi au ya kuacha dini ambayo kwa watu wa makao ya wote haina maana yoyote, lakini kwa watu wake ingekuwa habari ya mjini. Wapo wazee wanaotaka kuishi mbali na jamii yao, wakiwa na akili timamu kabisa. Watoto wasimwamulie. Aulizwe akiwa peke yake, na aulizwe mara mbili.

Bawa: nusu ya njia

Mfano unaojulikana sana ni De Hogeweyk, kijiji cha wazee wenye dimensia kilichopo Weesp, karibu na Amsterdam, kilichofunguliwa 2009. Wakazi huishi katika nyumba ndogo za watu sita au saba, waliowekwa pamoja kwa kufanana mtindo wa maisha, na mmojawapo wa mitindo ya mwanzo ulikuwa wa watu wenye mizizi katika koloni la zamani la Uholanzi, Indonesia ya leo. Mpishi, samani, muziki, namna ya kupokea mgeni, vyote vilifuata huko. Baadaye idadi ya mitindo ikapunguzwa.

Nguvu na unyonge wa bawa viko hapo pamoja. Nguvu ni kwamba mzee anapata watu wake wakati huohuo anapata daktari, mtaalamu wa viungo na vifaa vya taasisi kubwa ambavyo nyumba ndogo ya jamii haivimudu. Pia bawa hufunguliwa haraka kuliko kujenga jengo jipya, jambo linalofaa jamii isiyo na wazee wengi. Unyonge ni kwamba uamuzi uko kwa wengine. Wazee wakipungua, au mratibu aliyelipigania bawa akihama kazi, vitanda hupewa watu wengine na bawa hubaki jina. Kwa hiyo swali la bawa ni hili: limeandikwa kwenye mkataba, au ni mpango wa meneja wa sasa?

Mimi kwa jamii ndogo ningelichagua bawa kabla ya kitu kingine, mradi usiku ujazwe.

Makao ya wote

Sentensi inayonitia wasiwasi kuliko zote ni hii: "Sisi hapa tunawahudumia wote sawasawa." Kumpa kila mtu kitu kilekile ni kumpa mwenyeji kitu alichokizoea na mgeni kitu asichokijua, kisha kuita hiyo haki. Makao yanayofaa husema kingine: "Tueleze yeye ni nani."

Na yapo. Duisburg, Shirika la Msalaba Mwekundu la Ujerumani lilifungua 1997 makao ya Haus am Sandberg yaliyokusudiwa tangu mwanzo kuchanganya Wajerumani na wahamiaji, huku wahudumu wenyewe wakitoka jamii mbalimbali. Tofauti yake na makao ya kawaida ni kwamba mchanganyiko ulipangwa, haukutokea kwa bahati. Ajira ilifuata lugha za wakazi.

Sheria nayo husaidia, na familia nyingi haziitumii. Sweden ina sheria iliyoanza 2010 inayompa mzee anayezungumza Kifini, Kisami au Meänkieli (lugha ya kaskazini ya Sweden iliyo karibu na Kifini) haki ya kudai huduma ya uzeeni kwa lugha yake, yote au sehemu, katika maeneo ya manispaa yaliyotajwa. Uingereza ina Sheria ya Usawa ya 2010 inayokataza ubaguzi wa rangi na dini katika utoaji wa huduma. Haki ya kutobaguliwa ni dhaifu kuliko haki ya lugha, lakini inatosha kumfanya meneja ajibu kwa maandishi. Tafuta ya mahali mlipo, na uitaje kwa utulivu kwenye kikao cha kwanza.

Faida moja ya makao ya wote haina mpinzani: huenda yako karibu. Nyumba ya jamii yenye kila kitu, ila iko saa mbili kwa gari, itatembelewa kila Jumapili kwa miezi mitatu, kisha mara moja kwa mwezi. Makao ya wastani yaliyo dakika kumi kutoka nyumbani hupitiwa na wajukuu wakitoka shule. Usiudharau umbali. Unabadilisha mambo mengi kimyakimya.

Kubaki nyumbani na kituo cha mchana

San Francisco, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa mtaa wa Wachina walitaka makao kwa ajili ya wazee wao. Walipolichunguza jambo, wakaona wazee hawataki kuondoka mtaani. Wakaanzisha On Lok, na 1973 wakafungua kituo cha mchana cha afya kwa wazee, ambacho baadaye kiliongezewa huduma kamili za daktari. Mpango ule ukawa kielelezo cha huduma inayoitwa PACE, na 1997 Bunge la Marekani likaufanya wa kudumu katika bima za afya za serikali. Kitu kilichobuniwa na jamii ya wachache kwa ajili yake kikaja kuwafaa wengi, na hilo hunifurahisha kila ninapolikumbuka.

Lakini nilipime kwa swali langu. Saa tisa usiku kituo kimefungwa. Anayeamka ni mke mwenye miaka themanini au mtoto anayewahi kazini saa kumi na mbili. Mzee anayelala usiku kucha atafaidika sana na njia hii. Anayezunguka usiku, anayefungua mlango na kutoka, au anayehitaji watu wawili kumgeuza kitandani, njia hii itamfikisha mahali fulani kisha itaishia.

Wazee wenye makovu ya taasisi

Kwa baadhi ya jamii, jengo lenye korido ndefu na watu wenye sare si mahali pa huduma. Ni mahali walipowahi kuumizwa. Watoto wa Kiaborijino wa Australia waliochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao, hadi miaka ya 1970, sasa ni wazee. Tume ya kifalme iliyochunguza huduma za wazee nchini humo, iliyotoa ripoti yake ya mwisho Machi 2021, iliweka mapendekezo mahususi kwa ajili ya wazee wa asili, yakiwemo huduma zinazoendeshwa na jamii zao wenyewe na uwezekano wa kubaki karibu na ardhi yao. Makao ya Kiyahudi yalijifunza mapema kwamba manusura wa mauaji ya maangamizi wanaweza kushtushwa na bafu la manyunyu, na foleni, na chakula kuondolewa mezani kabla hawajamaliza.

Kwa mzee wa namna hii, mpangilio wangu unabadilika. Nyumba ndogo, hata kama si ya jamii yake, inaweza kumfaa kuliko jengo kubwa la jamii yake. Sare zivuliwe. Mlango wa chumba ubaki wazi au ufungwe kwa matakwa yake. Na wahudumu waambiwe historia hiyo, kwa ridhaa yake, ili asije akaitwa mkorofi kwa kukataa bafu.

Chakula, ibada, kifo

Chakula nitakipitia upesi kwa sababu ndicho kitu ambacho kila makao yatakionyesha bila kuombwa. Uliza jambo moja tu: mzee akianza kushindwa kumeza na chakula kikahitaji kusagwa, je, atasagiwa chakula chake au uji wa jumla wa makao? Jikoni nyingi zenye orodha nzuri ya vyakula hukwama hapo.

Ibada vilevile: mahali, saa, na mtu wa kumfikisha. Chumba cha sala kisicho na wa kumsukuma mzee kwenye kiti chake cha magurudumu ni chumba kitupu.

Kifo kinataka muda zaidi, na ni hapo watu hunyamaza. Nani aitwe kwanza? Mwili uoshwe na nani, uguswe na nani, usiguswe na nani? Je, familia inaruhusiwa kukesha chumbani, na ni watu wangapi? Cheti cha daktari kitatoka lini, ikiwa dini inataka maziko ya haraka na kifo kimetokea Ijumaa jioni? Nyumba ya jamii huyajibu haya kwa mazoea. Bawa na makao ya wote yanaweza kuyajibu kwa karatasi, na karatasi si mbaya ikiwa imesomwa na zamu zote. Nimekuja kuamini kwamba swali bora la kumuuliza meneja yeyote ni, "Mkazi wa mwisho wa jamii kama yetu aliyefariki hapa, mlifanya nini?" Mwenye jibu hulisimulia. Asiye nalo hukupa kijitabu.

Siku ya kwenda kuona

Nenda mara mbili. Ya kwanza kwa miadi, ya pili bila taarifa, jioni ya Jumamosi, wakati meneja hayupo na wahudumu wa muda wamejaza nafasi. Sikiliza redio au televisheni inasema lugha gani na ni nani aliyeichagua. Tazama mhudumu anapoingia chumbani kama anamwita mkazi kwa jina lake kamili, lilivyo, au kwa kifupi kilichobuniwa kwa kuwa jina "ni gumu". Omba uonyeshwe ratiba ya zamu za usiku za mwezi uliopita, majina yakifunikwa ikibidi, ukihesabu ni usiku mingapi alikuwepo mtu wa lugha ya mzee. Asilimia za "wahudumu wenye lugha mbalimbali" hazisemi lolote, maana mpishi na mhasibu nao huhesabiwa. Soma pia ripoti za ukaguzi wa serikali kama zinachapishwa.

Kisha omba mzee akae kwa majaribio wiki mbili kabla ya kusaini. Mwishoni usimuulize kama amependa. Muulize alizungumza na nani.

Nani achague ipi

Mzee mwenye dimensia ambaye lugha ya pili imekwisha kumtoka: nyumba ya jamii, hata ikiwa mbali kidogo, hata ikiwa jengo lake limechakaa. Wakati wa kusubiri nafasi, bawa.

Mzee mwenye akili timamu na mwili uliochoka, mwenye ugonjwa unaotaka muuguzi mahiri kila siku: makao ya wote yaliyo karibu na yenye wauguzi wa kutosha, mkiandika matakwa yote kwenye mpango wa huduma na kuupitia kila baada ya miezi mitatu.

Mzee wa jamii ndogo sana, ambaye hakuna nyumba wala bawa lake: tafuteni jamii jirani, inayoshirikiana naye lugha, dini au eneo alilotoka. Siyo sawa na kwao, lakini mkazi mmoja anayeelewana naye mezani ana thamani kuliko wahudumu kumi wenye nia njema.

Mzee anayelala vizuri na mwenye mtu mwenye nguvu nyumbani: kituo cha mchana, na jina lake liwekwe kwenye foleni ya nyumba ya jamii siku hiyohiyo.

Popote atakapoenda, wiki ya kwanza bandikeni juu ya kitanda chake karatasi moja yenye maneno kumi na tano ya lugha yake, yameandikwa jinsi yanavyotamkwa: choo, maji, panauma, baridi, naogopa, mwanangu yuko wapi, subiri, pole, na jina analopenda kuitwa. Jirekodini mkiyatamka, na rekodi iwekwe kwenye simu ya zamu. Kila anapoajiriwa mhudumu mpya wa usiku, ombeni apewe dakika tano za kuyasoma mbele ya mzee mwenyewe, ili mzee amsahihishe.